Kuunda modeli ya USS Hornet kama ilivyokuwa asubuhi ya 18 Aprili 1942: mwongozo kamili

Kabla hujafungua boksi, chagua tarehe. Si mwaka, tarehe. Manowari ya kubeba ndege wakati wa vita haikudumu na sura moja kwa muda mrefu. Kila ilipoingia bandarini ilitoka na mizinga mipya, rada nyingine, rangi nyingine, na ndege zenye alama tofauti ubavuni. Ukiunda meli bila tarehe, utajikuta umeweka rada ya Julai juu ya mlingoti wa Aprili na ndege za Juni kwenye sitaha ya masika. Ukishika siku moja, maswali yote yatakayokukwamisha huko mbele (rangi gani, mzinga gani, ndege ngapi, lifti juu au chini) yanakuwa na jibu, na jibu hilo linapatikana kwenye picha.

Hapa tutafuata USS Hornet, namba CV-8, asubuhi ya 18 Aprili 1942, iliporusha ndege 16 za kudondosha mabomu aina ya B-25B, chini ya uongozi wa Luteni Kanali James Doolittle, kwenda kushambulia Japani. Nimeichagua kwa sababu za kiutendaji kabisa. Safari ile ilipigwa picha nyingi na kurekodiwa kwenye filamu, kwa hiyo huhitaji kukisia. Ndege za meli yenyewe zilikuwa zimeteremshwa hangani (ghala la ndege lililo chini ya sitaha) kuwapisha wageni, hivyo badala ya kujaza sitaha kwa ndege ndogo chungu nzima unaunda kumi na sita tu. Na meli ilikuwa mpya: ilianza kazi rasmi 20 Oktoba 1941, ikazama 27 Oktoba 1942 baada ya mapigano ya visiwa vya Santa Cruz. Mwaka mmoja na wiki moja tu, basi. Linganisha na dada yake USS Enterprise, iliyotumika tangu 1938 hadi mwisho wa vita na kufanyiwa matengenezo makubwa Bremerton, Marekani, mwaka 1943, ikaongezewa hata matumbo ubavuni chini ya mstari wa maji. Anayesema anaunda Enterprise bado hajasema anaunda nini.

Kama moyo wako uko kwa meli nyingine, hatua zinabaki zilezile. Kinachobadilika ni majibu.

Skeli na seti

Meli za aina ya Yorktown, ambazo Hornet ni mmoja wao, zilikuwa na urefu wa takriban mita 251. Kwa skeli 1/700 hiyo ni sentimita 36, inayotosha kwenye rafu ya vitabu. Kwa 1/350 ni sentimita 72. Kwa 1/200 inapita mita moja na robo, na hapo hununui modeli tena bali fanicha. Pima mlango na meza kabla ya kulipia.

Mimi huwashauri watu waende 1/350 kwa mradi huu. Katika 1/700 bawa la B-25 lina sentimita tatu hivi kutoka ncha hadi ncha, na reli za ukingo huwa nyembamba kiasi kwamba rangi tu inaweza kuziba nafasi zake. Katika 1/350 bawa ni karibu sentimita sita, baharia ana milimita tano, na mzinga una sura ya mzinga. Lakini kama huna nafasi, 1/700 si ya kudharauliwa, na makosa yake hayaonekani kirahisi.

Angalia kama seti unayonunua ina B-25 ndani yake na ni ngapi, kwa sababu baadhi huja na ndege za kawaida za meli peke yake. Angalia pia kama inakuja na vipande vya shaba bapa, yaani yale mabamba membamba ya shaba yaliyokatwa kwa kemikali yenye reli, ngazi, rada na nyavu. Kama havimo, nunua vya meli hiyohiyo na skeli hiyohiyo, maana vile vya jumla hukulazimisha kukata na kuunga kila kona. Baada ya hapo acha kutafuta. Mchagua jembe si mkulima, na kwa hobi hii kuna watu wenye rafu nzima ya seti zilizofungwa na hakuna hata meli moja iliyokamilika.

Meza ya kazi

Unahitaji kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha, koleo dogo la kukatia plastiki, vibano viwili (kimoja nyoofu, kingine chenye ncha iliyopinda), rula ya chuma, keekee ndogo ya mkono yenye biti za milimita 0.3 hadi 1, na msasa namba 400, 600 na 1000. Gundi ni za aina tatu, na kila moja ina kazi yake. Gundi nyepesi ya plastiki huyeyusha na kuunganisha plastiki kwa plastiki. Supa gluu hushika shaba. Gundi nyeupe ya maji hutumika kwenye vioo na popote unapotaka nafasi ya kurekebisha.

Kwa rangi, brashi ya hewa na kompresa vitakuokolea muda mwingi, hasa kwenye ubavu wa meli wenye urefu wa mikono miwili. Inawezekana kutumia brashi ya kawaida pana na rangi iliyochujwa vizuri, ila utalipa kwa subira. Vyovyote utakavyofanya, fungua dirisha na uvae barakoa yenye kichujio unapopuliza, na vaa miwani unapokata shaba. Kijipande cha shaba kikiruka hakikutafuti pa kutua, kinatua jichoni.

Ongeza taa nzuri na miwani ya kukuzia. Kisha chapisha picha zako za meli na uzibandike ukutani mbele ya meza, si kwenye simu. Utazitazama mara nyingi kuliko maelekezo ya seti.

Soma maelekezo, kisha yapange upya

Maelekezo ya boksi yamepangwa kwa ajili ya kubandika, si kwa ajili ya kupaka rangi. Ukiyafuata neno kwa neno utakuwa umefunga sitaha ya kurukia kabla hujapaka hanga iliyo chini yake, na umegundisha mizinga mahali ambapo brashi haifiki.

Mpangilio wenye akili ni kwenda kutoka ndani kwenda nje na kutoka chini kwenda juu, huku ukigawa meli katika vipande vikubwa vinavyopakwa rangi peke yake: mwili wa meli, hanga, sitaha ya kurukia, mnara wa amri, mizinga, boti, ndege. Kila kipande kikae kwenye kijiti au kwenye kifuniko cha chupa chenye tepu ya pande mbili hadi siku yake ifike. Reli za ukingo na nyaya za antena ni za mwisho kabisa, kwa kuwa mkono wako ndio adui yao mkubwa.

Mwili wa meli

Osha fremu zote za plastiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, zikauke. Mafuta ya kiwandani hubaki juu ya plastiki na rangi hubanduka.

Amua sasa kama meli itaonekana yote pamoja na tumbo lake jekundu, au itakatwa kwenye mstari wa maji na kuwekwa baharini. Kwa siku hii mimi ni mtu wa bahari, na sababu nitaitaja baadaye. Ukitaka tumbo lote, toboa sasa hivi mashimo ya skrubu za nguzo za msingi na ubandike nati ndani kwa gundi ya epoksi, kwa kuwa mwili ukishafungwa hutafika tena. Usisahau kwamba meli hii ina rafadha nne.

Mwili wa seti za 1/350 kwa kawaida huja katika nusu mbili za kushoto na kulia, au sehemu ya juu na ya chini. Jaribu kuziweka pamoja bila gundi na tazama kwa urefu, jicho likiwa kwenye omo (ncha ya mbele ya meli). Plastiki ndefu hupinda, na meli iliyopinda haifichiki hata uipake nini. Bandika kwanza mihimili ya ndani inayoshikilia upana, funga kwa tepu, kisha tembeza gundi nyepesi kwenye mshono kidogokidogo, sentimita kumi kwa wakati. Iache ikauke usiku kucha juu ya kitu kilichonyooka kweli, kama kipande cha kioo.

Kisha weka sitaha ya kurukia juu yake bila gundi. Hili ndilo jaribio muhimu kuliko yote. Sitaha ikigoma kulala sasa, itagoma pia utakapokuwa umeshaipaka rangi, na hapo utalazimika kuibana kwa nguvu na kuharibu. Chonga ukuta wa hanga unaokwama au ongeza vipande vya plastiki pale penye pengo. Mishono ya mwili jaza kwa puti, piga msasa ukilowesha maji, puliza praima, angalia chini ya taa, rudia. Mishono ya ubavu wa juu hujificha nyuma ya majukwaa ya mizinga, lakini ya omo na tezi (mwisho wa nyuma wa meli) haina pa kujificha. Tumia muda wako huko.

Hanga

Hanga ya meli hizi haikufungwa kwa chuma kizito. Pembeni ilikuwa na milango mikubwa ya kukunja kwenda juu, ili hewa ipite na injini za ndege ziweze kupashwa moto humo ndani. Wabunifu wa Uingereza wa wakati ule walizifungia hanga zao ndani ya chuma. Wamarekani waliziacha wazi. Kwako hii ina maana kwamba ukiacha milango michache wazi, mtu anayechungulia ataona ndani, na lazima kuwe na kitu cha kuonekana.

Huhitaji kuunda hanga yote. Chagua milango miwili au mitatu, na nyuma yake weka ukuta, mihimili ya dari kutoka vipande chakavu vya plastiki, na ndege. Siku hiyo hanga ilikuwa imebanana: ndege za meli yenyewe, yaani Dauntless, Wildcat na Devastator, zote zilikuwa chini. Dauntless mbawa zake hazikunjwi, na hiyo ndiyo iliyokuwa inakula nafasi. Devastator zikunjwe. Meli za Marekani pia zilining'iniza ndege za akiba darini, na ndege moja iliyofungwa juu, ikionekana nusu tu kupitia mlango, inafanya kazi kubwa kuliko ndege kumi zilizopangwa vizuri gizani.

Paka kuta nyeupe iliyopooza. Rangi za giza humeza kila kitu.

Rangi ya ubavu

Hapa ndipo Hornet ilipojipatia sura yake. Ilivaa kificho kilichoitwa Measure 12, kwa muundo uliorekebishwa: rangi tatu zilizopishana kwa mawimbi na mabaka yasiyo na mpangilio. Buluu ya bahari (5-S) ndiyo nzito zaidi, kijivu cha bahari (5-O) ni cha kati, kijivu cha ukungu (5-H) ndicho chepesi. Zote tatu zina dalili ya zambarau ndani yake, kwa sababu zilichanganywa kwa kuongeza rangi moja ya buluu-nyeusi ndani ya nyeupe. Kijivu kisicho na ubuluu kabisa kitaifanya meli ionekane ya jeshi jingine.

Anza na praima. Kama unaonyesha tumbo lote, puliza nyekundu ya chini, ifunike, kisha mstari mweusi wa maji. Baada ya hapo puliza kijivu chepesi juu ya ubavu wote, kata mabaka kwa tepu ya karatasi kwa kufuata picha ya upande husika (kushoto na kulia havifanani), puliza cha kati, funika tena, malizia na buluu nzito. Kutoka nyepesi kwenda nzito, kwa sababu rangi nyepesi hufunika nyingine vibaya na hukulazimisha kurudia hadi inakuwa nene.

Kingo za mabaka ziwe kali. Vijana wa brashi ya hewa hupenda kuzilainisha, lakini ukungo wa milimita mbili kwenye modeli ni sawa na ukungo wa sentimita sabini kwenye meli halisi, na picha hazionyeshi hivyo. Pia ongeza matone machache ya nyeupe kwenye kila rangi. Rangi halisi ikipakwa kwenye kitu kidogo huonekana nzito kuliko inavyoonekana kwenye meli iliyo mbali.

Kuhusu uchakavu, jizuie. Meli hii ilikuwa na miezi sita tu kazini. Iliondoka eneo la San Francisco tarehe 2 Aprili, ikapita bahari mbaya, kwa hiyo chumvi kidogo kwenye mstari wa maji na michirizi hafifu chini ya matundu ya nanga inatosha. Kutu ya kahawia inayotiririka ubavu mzima ni ya meli nyingine.

Sitaha ya kurukia

Hii ndiyo sehemu watu watakayoiangalia kwanza, na ndiyo inayotenganisha modeli nzuri na ya kawaida.

Sitaha ilikuwa ya mbao zilizolazwa kwa kukingama, kutoka ubavu hadi ubavu, si kwa urefu wa meli. Kati yake, kila baada ya umbali fulani, kulikuwa na mikanda ya chuma yenye matundu ya kufungia ndege. Seti nyingi zimechora mistari hii tayari. Sitaha mara nyingi huja vipande viwili au vitatu, na maungio yake ndiyo maumivu ya seti za aina hii. Yaunganishe juu ya kioo kilichonyooka, ujaze kwa supa gluu na siyo puti, maana puti hubonyea baadaye, kisha chora upya mistari ya mbao iliyofutika kwa ncha ya kisu ukiongozwa na rula ya chuma. Kama maungio yako kwenye mkanda wa chuma, una bahati: yafiche humo.

Mbao hazikuwa na rangi yake ya zamani tena. Kabla ya vita sitaha za Marekani zilikuwa za kahawia nyekundu. Kufikia 1942 zilipakwa dawa ya mbao ya buluu-kijivu iliyoitwa 250-N. Dawa hii ilizama ndani ya mti na ikapauka kwa magurudumu, viatu, mafuta na maji ya chumvi. Kwa hiyo usitafute rangi moja, tafuta familia ya rangi. Puliza kwanza buluu-kijivu ya kati. Halafu chukua vipande vyembamba vya tepu, funika baadhi ya mbao ovyo ovyo, na upulize toleo lenye tone la kijivu. Toa tepu, funika nyingine, puliza toleo lenye tone la kahawia. Tofauti iwe ndogo sana. Ukiiona waziwazi ukiwa umeshika sitaha mkononi, ukirudi nyuma hatua mbili itaonekana kama sakafu ya mkeka.

Baada ya vanishi ya kung'aa, pitisha rangi nyeusi-kahawia iliyoyeyushwa sana na thina kwenye mikanda ya chuma na kingo za lifti tatu. Futa ziada kwa kitambaa kisicho na nyuzi, ukifuata uelekeo wa mbao.

Sasa jambo linaloifanya sitaha hii kuwa ya 18 Aprili na siyo siku nyingine: mistari miwili myeupe iliyochorwa kwa urefu wa sitaha, mmoja kwa gurudumu la pua la B-25 na mwingine kwa gurudumu la kushoto. Rubani aliyeifuata alijua bawa lake la kulia litapita kando ya mnara bila kuugusa, kwa nafasi ya takriban mita 1.8. Katika 1/350 hiyo ni milimita tano. Kwa hiyo kabla ya kuchora, chukua B-25 moja iliyoungwa, isimamishe mbele ya mnara, isogeze hadi ncha ya bawa la kulia iwe milimita tano kutoka ukutani, na weka alama ya penseli chini ya magurudumu. Mistari unayoitafuta inapita hapo. Ichore kwa tepu mbili zilizoacha nafasi nyembamba, puliza nyeupe iliyochanganywa na kijivu kidogo.

Mizinga, majukwaa na shaba bapa

Pembeni mwa sitaha kuna njia za kutembelea na majukwaa ya mizinga. Kuna mizinga mikubwa minane ya inchi 5, miwili miwili kwenye kila kona ya sitaha; mizinga ya milimita 28 yenye midomo minne minne, iliyokuwa minne mwezi Aprili; na mizinga midogo ya milimita 20 kando ya njia. Mzinga wa tano wa milimita 28 ulioko kwenye omo uliongezwa Julai 1942, kwa hiyo kama seti yako inakupa, uache kwenye boksi. Nilisema tarehe itakusaidia, na huu ndio mfano wake.

Shaba bapa kata juu ya kitu kigumu, kama kigae au kioo, kwa kisu kilichopinda kidogo. Ukikata juu ya mkeka laini itajikunja. Vipande virefu vya reli unavyotaka vifuate mzingo wa jukwaa, vipitishe kwa sekunde mbili juu ya mwali wa mshumaa, viache vipoe. Shaba inalainika na haigomi tena. Kunja kwa kubana kati ya rula mbili za chuma.

Gundi: tone la supa gluu kwenye kipande cha plastiki, chovya ncha ya waya mwembamba, gusa mahali pa kuungia. Kwa reli mimi huanza kwa kushika ncha moja tu, naangalia kama imenyooka, ndipo naendelea. Reli za urefu wa mita moja zina milimita tatu hivi katika skeli hii, na mteremko mdogo unaonekana. Zipake rangi zikiwa bado kwenye fremu yake, kisha rekebisha maungio kwa brashi ndogo.

Mnara wa amri

Uunde kama modeli ndogo inayojitegemea. Bomba la moshi, madaraja (sehemu za kuongozea meli), na mlingoti wa miguu mitatu. Rada iliyoko juu mwezi Aprili ni SC, ndogo. Rada kubwa ya CXAM, ile yenye fremu kama kitanda cha chuma, ilikuja Julai. Milingoti ya plastiki huwa minene mno. Ibadilishe na waya wa shaba ulionyooka, ukianza na mguu wa nyuma na kuacha ya mbele ikauke ukiwa umeegemeza mlingoti kwenye kona ya boksi ili usiegemee upande.

Ndani ya bomba paka nyeusi isiyong'aa. Kifuniko cha juu cha bomba pia kinastahili moshi kidogo, hapo uchakavu unaruhusiwa.

Ndege kumi na sita

Unda zote kwa pamoja, kama kiwanda: miili yote leo, mabawa yote kesho. B-25B ya safari hii ilivuliwa mzinga wa tumboni ili kupunguza uzito, kwa hiyo kata au usibandike kile kibanda chake cha chini. Mkiani waliweka vijiti vya ufagio vilivyopakwa rangi ili vionekane kama midomo ya bunduki. Nywele mbili za brashi ya kufagilia zilizokatwa milimita mbili zinatosha, na ni mzaha mzuri wa kumwonyesha mgeni.

Juu ni kijani-zeituni, chini kijivu. Vioo kama vimeungwa na mwili, vipake kijivu nzito inayong'aa badala ya kuacha plastiki inayoonyesha gundi. Nyota za ubavuni na mabawani ziwe na kitone chekundu katikati. Kitone hicho kiliondolewa Mei 1942 ili kisichanganywe na duara jekundu la Japani, hivyo seti yenye stika za mapigano ya Midway ya Juni 1942 itakuletea nyota zisizo na kitone. Stika zikae juu ya vanishi ya kung'aa, zilainishwe kwa dawa yake, kisha zifungwe kwa vanishi isiyong'aa.

Kupanga kwenye sitaha: ndege ya kwanza, ya Doolittle, ilikuwa na takriban mita 142 za sitaha mbele yake. Hiyo ni sentimita 40 na kitu kutoka ukingo wa omo. Nyingine 15 zilibanwa katika sentimita thelathini zilizobaki, mabawa yakipandana, katika mistari miwili iliyopishana, na ya mwisho ilikuwa na mkia uliotokeza nje ya tezi. Zipange kwanza bila gundi kwa siku kadhaa, ukilinganisha na picha. Kisha bandika ukianzia tezi. Ndege ya kwanza iweke kwenye mistari, flapu (vipande vya ukingo wa nyuma wa mabawa) zimeshuka, na panga zake zikiwa zinazunguka. Njia safi ya kuonyesha mzunguko ni kukata panga zote na kuacha kitovu peke yake. Kutoka mbali jicho linajaza lenyewe. Sahani za plastiki angavu zinazouzwa kwa kazi hiyo zinang'aa kama sarafu, mimi sizipendi.

Kamba za kufungia ndege za nyuma zifanye kwa uzi mwembamba wa kuvutika. Usiweke kamba kwenye ile ya kwanza. Weka mabaharia: wawili kwenye magurudumu, mmoja mbele upande wa kushoto mwenye bendera, wengine wakiwa wameinama kwa upepo. Watu waliosimama wima kwenye sitaha ya siku ile wangeangushwa.

Nyaya

Vuta fremu ya plastiki juu ya mshumaa hadi iwe unywele, au tumia uzi wa kuvutika. Huo wa pili hauvunjiki ukiugusa. Milingoti ya antena ya pembeni, kwa meli nyingi za aina hii, hulazwa wakati ndege zinaruka. Kama picha zako zinaonyesha imelazwa, ilaze na nyaya zake zilegee. Hilo pia litaondoa kizuizi mbele ya mabawa.

Bahari

Sasa sababu ya kupenda maji. Bahari asubuhi ile ilikuwa mbaya, na marubani waliruhusiwa kuondoka kwa kufuata mwinuko wa omo, ili wafike mwisho wa sitaha meli ikipanda. Modeli iliyokaa mlalo kamili inapoteza jambo hilo. Chonga bahari kutoka povu gumu, kata tundu la meli, na uinue omo kwa takriban sentimita moja. Kwa urefu wa sentimita 72 ni chini ya digrii moja, lakini jicho linahisi.

Mawimbi yajenge kwa karatasi ya alumini iliyokunjwa na kubandikwa juu ya povu, kisha jeli ya akriliki. Rangi iwe buluu-kijivu nzito, siyo ya samawati ya ufukweni. Weupe uweke kwenye omo, pale maji yanapopasuka, kando ya mwili, na mkia mrefu nyuma ya tezi. Pamba iliyochambuliwa na kuloweshwa gundi ya maji hutoa matone yanayoruka.

Kabati na usafirishaji

Vanishi isiyong'aa iwe ya mwisho kabla ya kuweka vioo na nyaya. Vumbi ndilo litakaloiua modeli hii, kwa hiyo pima kabati la kioo au akriliki lenye sentimita tano za ziada kila upande na kumi juu ya mlingoti. Kwa usafishaji tumia brashi laini ya vipodozi, ukifagia kutoka omo kwenda tezi kwenye sitaha, na kipuliza hewa cha mpira kwa mnara. Ukihama, funga msingi kwa skrubu kwenye ubao, ubao ndani ya boksi, na usiweke sponji yoyote inayogusa reli; kinachoshikilia modeli ni msingi peke yake.